Sivuti, Sinywi: Majibu Yangu ya Kliniki na Yaliyokuwa Mkobani

Siku ya kwanza kliniki niliulizwa maswali mengi, lakini yaliyohusu vitu vya kumdhuru mtoto tumboni yalikuwa mawili tu. Unavuta sigara? Unakunywa pombe? Nikajibu sivuti, sinywi. Nesi akaandika kwenye kadi, akamwita anayefuata.

Sikusema uongo. Ila mkobani nilikuwa na vipande vinne vya pemba, ule udongo wa kutafuna wa wajawazito, vimefungwa kwenye mfuko, usoni nilikuwa nimepaka mkorogo asubuhi ile ile, na tangu Jumatatu nilikuwa nikimeza vidonge vya kiuno nilivyouziwa dukani bila cheti. Sikuona kwamba kimojawapo kinahusika na maswali yale.

Hiyo ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbagala, mimba yangu ya kwanza, na kliniki nilikwenda nikiwa na wiki ya 20. Nilichelewa kwa sababu ile ile ya wengi: mimba changa haitangazwi. Mama yangu alinionya nisionekane kwenye foleni ya kliniki kabla tumbo halijajionesha lenyewe, watu wana macho. Wataalamu wanasema hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Mimi katika wiki hizo nilikuwa nikijificha, na aliyenipa ushauri wa afya alikuwa muuza pemba.

Nianze na pemba, maana ndiyo iliyonitesa zaidi. Ambaye hajawahi kuitamani hawezi kuelewa. Unajua harufu ya vumbi mvua ya kwanza inapodondoka? Mimi ile harufu ilikuwa inanijaza mate mdomoni. Sokoni Rangi Tatu walikuwa wanauza vipande virefu vya kijivu, vingine vimekaushwa juani, vingine vimechomwa, shilingi mia kipande. Nilianza na kimoja kwa siku, kwa ajili ya kichefuchefu. Mwezi wa sita nilikuwa nakula vya shilingi mia saba, mia nane, mpaka elfu. Nilikuwa natafuna nyuma ya kabati la vitabu ofisini, kisha nasukutua kabla sijaingia darasani. Walimu wenzangu wa kike walijua, wakacheka tu. "Huyo ni wa kiume, anakula ardhi yake." Mwenzao mmoja alikuwa ananiagizia akipita sokoni. Kila mmoja aliyekuwa na mtoto pale aliniambia na yeye alikula na mwanawe mzima.

Baadaye nilipiga hesabu nikakuta pemba ilinila karibu shilingi elfu themanini. Wakati huo huo nilikuwa naahirisha altrasaundi ya elfu ishirini na tano kwa kisingizio kwamba mshahara haujatoka.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia kuhusu udongo ni haya. Ukifika tumboni unayashika madini ya chuma yasiingie mwilini. Kwa hiyo nilikuwa nameza vidonge vya damu vya kliniki usiku kwa utii mkubwa, nikivipeleka kwenye tumbo lililojaa kitu cha kuvizuia. Halafu nilikuwa navimeza na chai ya rangi, nayo inazuia. Udongo usiochomwa vizuri unaweza kubeba mayai ya minyoo. Choo kinakuwa kigumu mpaka unalia, samahani kwa kulisema hilo lakini ni kweli. Na lililonivunja moyo nilipolisoma: udongo wa aina hii unaouzwa masokoni umeshapimwa mara nyingi ukakutwa na madini ya risasi na aseniki. Risasi inapita kwenye kondo la nyuma inaingia kwa mtoto, na mahali inapokaa vibaya zaidi ni ubongo. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Mimi nilikuwa nikiamini kondo la nyuma ni chujio. Kama unavyochuja tui, machicha yanabaki juu, linaloshuka ni safi. Kumbe hata madaktari wakubwa wa dunia walikuwa na imani ya namna hiyo zamani. Mwaka 1957 huko Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, ikasambaa nchi nyingi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu cha asubuhi. Ilipoondolewa sokoni kule mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wameshazaliwa na mikono na miguu mifupi, wengine bila viungo hivyo kabisa. Mama aliyemeza hakuumwa chochote. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea mimi: nilikuwa najipima mwenyewe. Sina homa, sitapiki tena, basi mtoto yuko sawa.

Mkorogo ulikuwa na hadithi yake. Nilianza kuupaka tangu nikiwa mchumba. Dada mmoja wa saluni alikuwa anachanganya krimu tatu kwenye kopo la aiskrimu, anaongeza mafuta ya tyubu na unga mweupe ambao hakuwahi kuniambia ni nini, elfu nane kopo. Halina jina, halina tarehe, halina orodha ya vilivyomo. Nilipopata mimba uso ukapata madoa ya ujauzito, nikaongeza kupaka. Mkorogo kwangu ulikuwa urembo, tena wa nje ya ngozi. Ungeniuliza kama natumia dawa yoyote ningekuapia kwa Mungu hapana.

Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina zebaki au haidrokwinoni, na zile za tyubu mara nyingi ni steroidi kali ambazo daktari wa ngozi humpa mgonjwa kidogo kidogo kwa siku chache. Sheria ya Tanzania inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, ila kopo la aiskrimu halipiti kwa mkaguzi. Vyote hivyo vinaingia mwilini kupitia ngozi, ndiyo maana vinafanya kazi. Steroidi kali zikipakwa kwa wingi katika mimba zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kuhusu zebaki, kuna mji wa Japani unaitwa Minamata, ambako kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini ikaingia kwenye samaki. Ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Ile ni zebaki ya aina nyingine, kali kuliko ya kwenye krimu, lakini kuna jambo moja la Minamata silisahau: walikuwapo akina mama ambao wenyewe walionekana wazima au karibu wazima, huku watoto wao wakizaliwa na ubongo ulioharibika. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na vipodozi ni kati ya vitu vilivyotajwa ndani yake.

Kitu cha tatu ni kile kilichonifumania.

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya tisini, unasimama tangu asubuhi. Kufika wiki ya 20 kiuno kilikuwa kinakatika. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nimevaa dera pana, nikasema naomba ya kiuno. Kijana akanipa diklofenaki, karatasi ya vidonge kumi. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Ukinikuta leo nikiwalaumu wauza dawa, nikumbushe dera lile. Nikawa nameza kimoja asubuhi kimoja jioni, siku nyingine naacha, kisha narudia, karibu miezi miwili.

Wiki ya 29 nikaenda kliniki nikiwa nahema kama niliyepanda ngazi, na wala sikupanda. Wingi wa damu ulikuwa 7.4. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi, na chini ya 7 ni hatari kabisa. Nikapewa rufaa siku hiyo hiyo. Kwenye altrasaundi mpimaji akanyamaza muda mrefu, nikajua kuna jambo. Maji yanayomzunguka mtoto yalikuwa machache, na mtoto mdogo kuliko umri wake.

Daktari akaniuliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii, daktari."

"Za hospitali, za dukani, za kienyeji?"

"Hakuna. Za damu tu."

Akaomba kadi ya bima. Nikaingiza mkono mkobani kuitafuta, ikatoka karatasi ya diklofenaki imebaki vidonge viwili, na nyuma yake vumbi la pemba likamwagika juu ya meza yake kama unga. Sijawahi kuona aibu namna ile. Daktari akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaigeuza. Wala hakupaza sauti.

"Mama, na hii nayo ni dawa."

Akanieleza taratibu. Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzibana figo zake, anakojoa kidogo, maji yanapungua. Ukifika mwezi wa saba na kuendelea kuna hatari nyingine, ya mshipa mmoja karibu na moyo ambao unatakiwa uwe wazi mpaka mtoto azaliwe; dawa hizi zinaweza kuufunga mapema. Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi kwamba ziepukwe kuanzia wiki ya 20. Mimi nilianza kuzimeza wiki hiyo hiyo ya 20, kama vile nilipanga.

Nilimuuliza kama ni mimi niliyemfanyia mtoto wangu hivi. Akasema hawezi kuapa. Damu kidogo peke yake inaweza kumdumaza mtoto, mkorogo nao upo, diklofenaki nayo ipo, na wapo wanaopungukiwa maji bila kumeza chochote. Akasema, tuache leo, tupime tena. Nikaacha. Baada ya siku kumi maji yalikuwa yameongezeka. Kwa maumivu akaniruhusu parasetamoli, kwa kipimo chake na kwa siku chache, akanifundisha kulala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Mto ule ulinisaidia kuliko vidonge vyote, na nilikuwa nao kitandani miaka yote.

Habari za damu zikafika Rombo kule Kilimanjaro, kwa mama mkwe.

Nataka nieleweke: mama mkwe wangu ni mtu mwema sana. Alipanda basi kutoka Rombo na ndizi, nyama kavu, na galoni la mbege. Nikampokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nimesikia huna damu. Mbege kwao ni ndizi na ulezi. Ni chakula cha mzazi, inaongeza damu, inaleta maziwa. Nikasema mama, mimi sinywi pombe. Akacheka. "Nani amekuletea pombe? Hii ni mbege." Nikawa nakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni, muda wa wiki mbili. Tamu, nzito, unashiba. Na kichwa kinakuwa chepesi kidogo, nikidhani ni upungufu wa damu.

Katikati ya wiki hizo nilirudi kliniki, nikaulizwa tena. Pombe? Sinywi.

Aliyeniokoa alikuwa nesi kijana kwenye hudhurio lililofuata. Alisoma jina la mume wangu kwenye kadi, akatabasamu. "Rombo hiyo. Mama mkwe ameshafika?" Nikasema amefika. "Kakuletea mbege?" Nikajikuta nasema ndiyo, vikombe viwili kwa siku. Akaweka kalamu chini. Akaniambia na yeye ni wa huko huko, na bibi yake anasema hivyo hivyo kwamba si pombe, lakini mtoto tumboni hajui kama kile ni chakula cha ukoo au ni bia ya baa. Pombe inapita moja kwa moja kwenye damu yake, ini lake bado halijui kuishughulikia. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na hakuna mwezi wa mimba ambao ni ruhusa. Madhara yake makubwa ni ya ubongo: mtoto asiyetulia, mzito kushika masomo, na hayo hayaonekani siku ya kuzaliwa.

Nimemfikiria sana yule dada. Maswali yake yalikuwa yale yale ya wenzake, ila yeye alijua jina la kuulizia. Ukiniuliza pombe nitasema hapana kwa moyo safi. Niulize mbege, ulanzi, wanzuki, togwa iliyolala siku tatu. Ukiniuliza dawa, sina. Niulize pemba, mkorogo, vidonge vya kiuno, majani ya shangazi, ugoro. Tangu siku hiyo nimekuwa na desturi moja ambayo ningependa kila mjamzito aichukue: kliniki nilikwenda na mfuko. Kila kilichoingia mdomoni au kwenye ngozi yangu mwezi huo, nakitia ndani, nakwenda kukimwaga mezani. Siteui mimi kipi ni dawa na kipi si dawa. Wauguzi wengine walikasirika kwa sababu foleni ni ndefu. Mmoja aliniambia nimeleta genge. Lakini waliangalia.

Mtoto alikuja wiki ya 36. Kabla ya hapo nilikuwa nimelazwa nikaongezewa chupa mbili za damu, mume wangu na kaka yangu wakachangia. Chupa ya uzazi ilipasuka usiku. Asubuhi yake, kabla bajaji haijafika, mama mkwe akanipa chupa ndogo ya soda yenye maji ya kahawia, dawa ya kuharakisha uchungu, imetoka kwa dada yake. Ninywe nusu sasa, nusu nikifika. Ilikuwa na harufu ya mizizi na moshi.

Yule nesi wa Rombo alishaniambia anachokiona leba kutokana na chupa kama hizo. Nyingine kweli zinauchochea mji wa mimba, ila hakuna anayejua kiasi, na uchungu ukija mkali mfululizo mtoto hapati nafasi ya kupata hewa, anachoka, anajisaidia tumboni. Na mji wa mimba unaweza kupasuka. Leba wana dawa ya kuongeza uchungu, nayo inapimwa kwa matone huku mtu anasikiliza moyo wa mtoto. Sikuwa na nguvu za kubishana na mama mkwe kwenye hali ile. Nikaingia chooni, nikaimwaga yote, nikasuuza chupa, nikatoka nikijifuta mdomo. "Umekunywa?" Nimekunywa, mama. Akafurahi.

Mtoto wa kiume, kilo 2.1. Walimu wenzangu walipatia hilo la wa kiume. Alihesabiwa kuwa na uzito pungufu, tukakaa wodini siku tisa nimembeba kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu, mchana na usiku. Kwa sera huduma ya uzazi ni bure kwenye vituo vya serikali, lakini ukijumlisha altrasaundi tatu za nje, bajaji, chakula cha wanaokuhudumia na vitu vidogo vya kununua dukani, ilitutoka zaidi ya laki tatu. Tulikopa.

Mwanangu mzima. Anakimbia, anaongea kupita kiasi, yuko darasa la kwanza. Anachanganya b na d. Nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi, najua kwamba nusu ya darasa huchanganya b na d, na wengi inawatoka wenyewe ifikapo mwezi wa saba. Najua. Lakini akiwa ananisomea jioni na akakwama, mimi nasikia harufu ya pemba. Niliwahi kuuliza kama anaweza kupimwa madini ya risasi kwenye damu, nikaambiwa kipimo hicho hapo hakipo, nisihangaike, nimlishe vizuri. Namlisha vizuri.

Baada ya hapo nikawa mhubiri. Hapa nina kosa lingine la kukiri, na hili silo la mimba yangu. Ofisini, kwenye vikoba, msibani, popote penye mwenye tumbo, nilikuwa nasema: dawa ni sumu kwa mtoto, acheni dawa. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu mwenye kifafa aliyetulia miaka mingi kwa vidonge vya valproeti. Akapata mimba, akanisikiliza, akaacha vidonge vyote kimya kimya. Wiki ya tatu akaanguka kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya wanafunzi, akajigonga kichwa kwenye ngazi. Mimba ilinusurika, naye akapona. Hospitali wakambadilishia dawa. Kumbe valproeti kweli ni kati ya dawa zinazojulikana kumdhuru sana mtoto, inaweza kuleta mgongo wazi na matatizo ya akili. Nilikuwa na haki kwa nusu ya maneno. Ila inabadilishwa na daktari, tena ikiwezekana kabla ya kushika mimba, haikatwi na mwalimu wa hesabu. Degedege la mama linamnyima mtoto hewa. Ni hivyo hivyo kwa presha: zipo kama kaptoprili na enalaprili ambazo hazifai kwa mjamzito, na zipo zinazofaa, na kinachotakiwa ni kubadilishiwa. ARV haziachwi. Malaria isiyotibiwa inaua mama na mtoto. Siku hizi nikisema chochote juu ya dawa naanza na hilo, ndipo nakuja kwenye diklofenaki.

Mimba ya pili, 2022, niliipanga. Foliki asidi nilianza miezi miwili kabla, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu bado tunadhani hedhi imechelewa tu. Ukisubiri kliniki, sehemu hiyo imeshapita. Lakini hata hapo nilikosea: duka la dawa waliniuzia za miligramu 5, nikaendelea nazo hadi nilipoanza SP za kuzuia malaria, ambazo hutolewa kuanzia wiki ya 13. Mfuko wangu ukanisaidia. Nesi aliviona akasema foliki nyingi kiasi hicho inaipunguzia SP nguvu. Akanibakiza kwenye kiasi kidogo kilichomo ndani ya vidonge vya damu.

Kwenye duka la dawa nilibadilisha sentensi ya kwanza. Kabla ya shikamoo wala habari za asubuhi: "Nina ujauzito wa miezi mitatu." Halafu ndipo naeleza kinachoniuma. Utashangaa jinsi mkono wa muuzaji unavyoondoka kwenye rafu moja kwenda nyingine.

Mkorogo niliuacha mwaka mzima kabla. Msidanganywe kwamba ngozi inarudi kwa wiki mbili. Uso ulikuwa na mabaka, vidole vyeusi kwenye viungo, na nilikwenda harusi ya mdogo wangu nikiwa hivyo. Picha zipo, sizitazami. Kulikuwa na wiki nilimfuata yule dada wa saluni mpaka mlangoni kwake nikarudi.

Na pemba? Hamu ilirudi, wiki ya tisa, kama mtu aliyekuwa anangoja nje. Nilikula. Mara tatu, kama si nne. Safari hii nilisema kliniki. Wakapima damu, ilikuwa 10.1, wakaongeza vidonge, wakaniambia mara nyingi hamu ya udongo ni mwili uliokosa madini ya chuma, na ukiijaza damu hamu inalegea. Nilimeza vidonge na maji ya machungwa badala ya chai, nikawa natafuna barafu na karoti mbichi kama sungura. Kufikia mwezi wa tano nilipita kwa muuza pemba nikamsalimia, nikanunua nyanya kwa jirani yake. Jiko la mkaa nilikuwa tayari nimelitoa ndani nikaliweka barazani, moshi wake nao unampunguzia mtoto hewa, na hilo halikunigharimu kitu zaidi ya kulowa siku za mvua.

Binti alizaliwa na kilo 3.2, wiki ya 39. Mbege haikuletwa. Nilikuwa nimempigia mama mkwe mapema, nikamwomba alete mtori tu nikishajifungua, na ndizi za kutosha. Aliguna, akaleta mtori.

Mwaka jana tulikwenda Rombo Krismasi. Jioni moja tulikuwa jikoni wawili, namsaidia kumenya ndizi, watoto wanacheza nje. Akaniuliza tu ghafla, bila kunitazama, "Mwanangu, ile dawa ya uchungu niliyokupa kwa huyu mkubwa, ulikunywa?"

Nikaona miaka saba inatosha. Nikasema, "Hapana, mama. Niliimwaga chooni. Nisamehe."

Akaendelea kumenya. Ndizi ya kwanza, ya pili. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Na mimi ya mama mkwe wangu niliimwaga," akasema, akaonesha kwa kisu nje ya dirisha. "Kwenye mgomba ule pale."